Mjomba, Niache Nikosee

19 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na hilo greda lako, na kwamba vumbi la barabara mpya limekuachia japo macho. Sisi hatujambo. Mama mwenye nyumba anakusalimu sana. Anasema tangu uondoke hakuna mtu wa kumcheka akigombana na bomba la uani.

Chiriku ameanza kidato cha kwanza. Nilimpeleka mwenyewe siku ya kwanza, kisha nikakimbia kazini, maana bado niko kwenye majaribio na mkuu wa masijala huitazama saa ya ukutani kabla ya kuitikia salamu. Shule ni kubwa. Ina ngazi ya kupanda na ngazi ya kushuka, na mtoto akikosea ngazi anazomewa. Kila somo lina mwalimu wake na kila mwalimu ana chumba chake, kwa hiyo kengele ikilia watoto wote wanabeba mikoba na kuhama, kama wapangaji waliofukuzwa. Sweta lake lina mikono mirefu. Nimeikunja, ila inafunguka.

Kuna jambo dogo tu. Chiriku haongei. Wewe ndiye uliyempa jina hilo la ndege kwa sababu hakuwa ananyamaza hata chakula kikiwa mdomoni. Sasa anakula, anaosha sahani, anafungua daftari la hesabu na kulitazama. Nikimuuliza leo mmejifunza nini, ananijibu, "Vitu." Vitu gani? "Vya hesabu."

Dada, umeniachia mtoto, nami sijawahi kuachiwa hata paka. Nifanye nini? Na kile kikao cha wazazi cha katikati ya mwaka, utaweza kuja?

Mdogo wako.


15 Februari

Bwana Karani, mdogo wangu,

Marahaba. Usihesabu siku nilizochelewa kujibu. Barua yako ilisafiri na lori la mafuta, na dereva aliisahau mbele ya kioo. Imefika imebabuka kwa jua kama mimi mwenyewe.

Tumehamisha kambi tena. Nalala kwenye kontena na mama mmoja mpima barabara, anayekoroma kuliko greda. Chakula ni kilekile, mpishi ni yuleyule, malalamiko pia. Barabara inasonga. Asubuhi nasawazisha kifusi, jioni malori yanapita na kukichimba, kesho nasawazisha tena. Usinionee huruma, ninaipenda kazi hii.

Unaniuliza ufanye nini? Mimi shule niliiachia njiani, na hesabu za sekondari nilizisikia kwa mbali kama kelele za jirani. Wewe ndiye uliyeusomea ukoo mzima. Ndiyo maana sikumpeleka kwa mtu mwingine. Kaa naye kila jioni. Mwalimu asipate pa kumshikia. Hakikisha hakosei. Sitaki siku moja ashike usukani kwa sababu kalamu ilimshinda. Akiushika, aushike kwa kupenda.

Anakula? Anacheka? Ananitaja? (Hili la mwisho usimuulize. Liangalie tu.)

Dada yako mwenye vumbi.


10 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hapa sote wazima. Mvua imeanza, na paa limechagua kuvuja juu ya kitanda changu. Nimekisogeza, likanifuata. Chiriku alitabasamu kidogo aliponiona na beseni, nami nimeona nikuandikie hilo kwanza.

Nimefuata agizo lako, na nimelifuata kwa utaratibu. Unajua ofisini kwetu barua haiendi kwa bosi hivi hivi. Inaandikwa rasimu, rasimu inasahihishwa, ndipo inapigwa nakala safi. Mkuu wa masijala husema, "Kosa lisivuke mlango huu." Basi na nyumbani tumefanya vivyo hivyo. Chiriku anafanya hesabu zake kwenye karatasi za kujaribia. Mimi nazipitia kwa penseli, nakata palipokosewa, naandika jibu linalostahili. Kisha anainakili kazi yote kwenye daftari kwa mwandiko mzuri.

Matokeo utayafurahia. Daftari lake limejaa alama za vema tupu. Mwalimu wa hesabu amemhamishia kundi la mbele, wale wanaoenda kwa kasi. Nilipoliona jina lake ubaoni pale getini nilisahau kwamba nimechelewa.

Bado haongei sana. Nadhani ni umri.

Mama mwenye nyumba alichungulia jana akaniona na penseli sikioni. Akasema, "Nikuulize, nani anasoma humu ndani? Au unarudia sekondari?" Nikamwambia namsaidia mtoto. Akasema, "Haya." Unaijua "haya" yake.

Hukunijibu kuhusu kikao.

Mdogo wako.


4 Aprili

Mdogo wangu, baba wa mwanangu kwa mkopo,

Marahaba mara kumi. Barua yako nimeisoma nikiwa juu ya greda, nikashuka nikaisoma tena chini. Nimemwambia kila mtu. Mpishi ameniongezea kipande cha nyama kwa heshima ya kundi la mbele, na yule mpima wangu amesema Chiriku akimaliza aje awe mpima, angalau wakoromeane wawili. Kichwa kimenivimba, kofia ya kazi hainiingii.

Nilijua. Nilijua kichwa anacho.

Ila nimeisoma barua yako na sijamwona yeye ndani yake. Nimekuona wewe, nimeiona penseli, nimemwona mwalimu. Yeye mwenyewe anasemaje? Anafurahi kuwa kundi la mbele? Mimi nikipandishwa cheo ningeimba hadi nifukuzwe.

Niambie anachosema. Kama ni "vitu", andika "vitu".

Dada yako.


2 Mei

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima wa afya, na kambi nzima iko salama, pamoja na mpishi, mpima na dereva wa lori. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama yetu ameandika; mgongo wake umetulia na sasa anapanda ngazi bila kulalamika, yaani analalamikia mengine. Binamu yetu seremala amepata mtoto wa pili. Paa limezibwa, kisha limevuja upande mwingine. Mama mwenye nyumba amenunua redio na tunasikiliza taarifa sote, tutake tusitake. Ofisini kazi ni nyingi. Tumeletewa makabati mapya ya chuma ambayo droo zake hufunguka zote kwa pamoja, na karani mwenzangu nusura aangukiwe. Mkuu wa masijala hajambo.

Chiriku hajambo.

Shule wameomba nifike siku moja kwa mazungumzo. Nitafika nafasi ikipatikana.

Mdogo wako.


24 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekulea, nimekubeba mgongoni, nakujua. Ulipovunja birika la mama ulikuja kunieleza habari za hali ya hewa.

Umeniletea mgongo wa mama, mtoto wa seremala na droo za serikali, na mwanangu umempa maneno mawili. Shule hawamwiti mtu kwa mazungumzo wakati mtoto ana vema tupu. Kuna nini?

Nisikilize vizuri. Kama shule imemshinda, niambie. Sitamuua, wala wewe sitakuua. Dereva wa lori la mafuta anapita hapo mjini, nitamwomba amlete. Hapa kuna kazi ya kumsaidia mpishi, nimeshaulizia. Afadhali awe hapa machoni pangu, anamenya viazi, kuliko awe huko ananyauka mimi nikiletewa salamu za redio.

Nipe ukweli kabla mwezi wa sita haujaisha, la sivyo namtuma dereva.

Dada yako.


15 Juni

Dada,

Shikamoo. Leo salamu ni hizo tu.

Mwezi wa nne walipewa jaribio darasani. Chiriku alirudisha karatasi yenye jina lake peke yake. La pili, vilevile. Mwalimu akaweka daftari lililojaa vema upande mmoja na karatasi nyeupe upande wa pili, akahitimisha kwamba mtoto ananakili kazi za mtu. Pale shuleni hilo ni kosa kubwa. Likithibitika, unaondoka. Wakamuuliza ni nani anayemfanyia. Akakataa kusema. Tangu siku hiyo kipindi cha hesabu kikianza alikuwa anasimamishwa nje ya mlango hadi mlezi wake afike.

Mimi niliitwa, nikaogopa kuomba ruhusa kazini. Nikaitwa tena, nikasema nitakwenda wiki inayofuata. Jioni Chiriku aliendelea kuniletea karatasi zake za kujaribia na mimi niliendelea kuzisahihisha. Hatukutazamana.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa mkuu wa masijala. Nikamwambia nina mtoto shuleni. Akasema, "Una mtoto? Kwa nini hukusema? Nenda." Nilikuwa nimeogopa kumwambia hivyo miezi yote.

Ofisini mwa makamu mkuu wa shule nilimkuta yeye, mama mmoja mwenye sauti ya chini, na mwalimu wa hesabu, kijana mrefu mwenye chaki hadi kwenye nyusi. Chiriku alikaa pembeni, mikono imemezwa na sweta. Nilikuwa nimeandaa maelezo, yameandikwa vizuri, yana kichwa cha habari. Nikaitoa karatasi, nikamtazama Chiriku. Nikairudisha mfukoni nikasema, "Ni mimi."

"Wewe ndiye nani?" akauliza makamu.

"Mjomba wake."

"Unamfanyia kazi za shule?"

"Hapana. Namsahihishia, kabla hajaleta."

"Kuna tofauti gani?"

Dada, ofisini swali hilo ningelijibu kwa aya tatu. Pale nilishika tu mfuko wenye maelezo yangu.

Mwalimu hakufoka. Ningependa angefoka. Alifungua daftari akasema, "Hili limekuwa likiniambia kwamba huyu hana tatizo. Basi nimekuwa nikimpita. Nikifika kwake nasema huyu yuko salama, naenda kwa mwingine. Kumbe alipotea wiki ya pili. Mwezi wa kwanza." Akanitazama. "Makosa yake yote unayo wewe nyumbani."

Ndiyo, nilikuwa nayo. Nilikuwa nayawashia jiko.

Makamu akamgeukia Chiriku. "Mbona hukusema?"

Akaivuta mikono ya sweta. Kisha akasema, "Mjomba anapenda kusahihisha. Akimaliza anapata usingizi."

Hukumu ni hii. Hafukuzwi. Amerudishwa kundi la mwisho, ameanza upya na mwalimu. Mtihani wa mwisho wa mwaka ndio utakaoamua: akifaulu anaendelea kidato cha pili, akishindwa atafute shule nyingine. Nami nimepigwa marufuku kushika penseli.

Tukiwa njiani kurudi nilimwomba msamaha. Akasema, "Sawa." Tulipofika kwenye duka la vifaa vya shule nikamuuliza kama anahitaji kitu. Akasema, "Mjomba, niache nikosee." Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote aliyonipa mwaka huu.

Kama bado unataka kumtuma dereva, mtume. Sina cha kujitetea. Ila nakuomba usimtume.

Mdogo wako.


12 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Siku niliyopokea barua yako nilisawazisha barabara hadi mpima akanisimamisha, akaniambia, "Mama, hapa palishakuwa sawa, sasa unachimba shimo." Ujue nilikuwa na hasira kiasi gani.

Nilikukasirikia wewe. Kisha nikakumbuka aliyeandika "hakikisha hakosei". Hasira ikarudi nyumbani kwake, kwangu mimi.

Mwanangu kusimamishwa mlangoni kama mwizi, na wewe unapanga salamu za binamu. Hilo nitakugombeza uso kwa uso, usidhani limekwisha. Lakini ulikwenda, ukasema "ni mimi". Mwoga kama wewe. Nimemsomea mpishi sehemu hiyo, akasema, "Huyo mdogo wako ana moyo, ila ameuweka kwenye droo."

Dereva simtumi. Angoje mtihani. Ila nafasi kwa mpishi ipo palepale, na nakwambia kweli, kuna siku natamani aje.

Umeniuliza kuhusu kikao, nikanyamaza. Kikao kimepita sasa, naweza kusema. Asubuhi niliyoondoka hakulia. Alinipa begi langu akasema, "Mama, gari litakuacha." Hivyo tu. Nimeendesha mitambo kwenye magenge ya mlimani yenye kutisha, lakini uso ule siuwezi. Niliogopa nikija atanitazama tena vile, mbele ya walimu.

Usimwambie. Au mwambie. Sijui.

Dada yako.


21 Septemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mama mwenye nyumba anakusalimu na anaomba ufikishe shukrani kwa mpishi. Maneno yake ya droo ameyageuza wimbo.

Habari za kwanza si nzuri, lakini zisome hadi mwisho. Mwezi wa saba Chiriku alileta daftari lenye mikwaju myekundu ukurasa mzima. Nililishika kama mtu aliyeshika kaa la moto. Yeye akaliweka mezani, akalala usingizi mzuri. Asiyelala alikuwa mimi.

Utaratibu wa sasa ni huu. Yeye anafanya hesabu mezani, mimi naosha vyombo. Sahani zetu hazijawahi kung'aa namna hii. Vikiisha vyombo nakaa kwenye kiti cha pili, mikono nimeikalia. Juzi niliona kosa, kubwa kama ng'ombe sebuleni. Nikameza mate. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Mjomba, usinipumulie. Nenda kamsumbue mama mwenye nyumba."

"Sijasema kitu."

"Pua yako imesema."

Nikaenda. Kosa likaenda shuleni. Likarudi limezungushiwa duara, na pembeni mwalimu ameandika: Njoo tuongee.

Tatizo lake, dada, lilikuwa namba hasi. Hakuwa anaelewa kwa nini hasi ukiizidisha kwa hasi unapata chanya. Mimi nilikuwa nabadilisha alama tu na kusonga mbele. Wiki iliyopita alinyoosha mkono darasani akauliza. Darasa zima likacheka. Mwalimu akasema, "Haya, anayecheka aje ubaoni aeleze." Hakuna aliyekwenda. Kipindi kizima kikaishia kwenye swali lake.

Hayo amenisimulia yeye. Alianza nikiwa nasuuza sufuria, na nilipomaliza sufuria bado alikuwa anasimulia: nani alicheka, nani alijifanya anatafuta kalamu sakafuni, mwalimu alivyochora nyumba na deni na mdeni, na yeye alivyoona mfano wa mwalimu una walakini akamwambia. Nilisuuza sufuria ile mara ya pili ili asinyamaze.

Lile la begi nilimwambia. Akasema, "Lakini kweli gari lingemwacha." Kisha akaenda uani na akakaa huko. Aliporudi aliniuliza lori la mafuta huwa linapita siku gani.

Mdogo wako.


29 Novemba

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua hii anakuletea mwenyewe, kwa hiyo habari nyingine zote atakupa yeye, na hutapata nafasi ya kusema.

Mtihani amefaulu. Si kwa kishindo. Yuko katikati ya darasa, na hesabu amepita kwa alama chache. Makamu amenipa mkono akasema nafasi yake ya kidato cha pili ipo, akiitaka. Nimemwambia Chiriku kwamba una nafasi kwa mpishi na kwamba unatamani awe nawe. Niliona ni haki yake kujua. Sikumwambia mimi natamani nini. Nilitaka kuandika hapa, nimefuta.

Uamuzi ni wenu. Ofisini wamenithibitisha kazini, nimeambiwa leo.

Mdogo wako.


14 Desemba

Bwana Karani aliyethibitishwa,

Marahaba, na hongera. Mtoto nimempokea. Dereva alishuka akiwa ameshika masikio. Anasema tangu mjini hajapata nafasi ya kupiga hata mluzi.

Mimi niliposimama pale kwenye vumbi sikujua mikono niiweke wapi. Yeye alinitazama kutoka juu ya lori, akasema, "Mama, umekonda," kisha akaruka. Mengine ni yetu wawili.

Amekaa nami kwenye greda, amegombana na mpishi kuhusu chumvi, amemfanya mpima alale kontena jingine ili tupate kuongea. Sweta lake sasa linamtosha. Na mimi, mdogo wangu, niliwaza: huyu harudi. Nitamweka hapa. Nilimwandalia hadi kitanda, na mpishi akamtafutia aproni.

Jana nikamuuliza. Nilikuwa nimejipanga nisimsukume upande wowote, na nadhani nilimsukuma kidogo. Nikasema, "Hapa una mama, una kazi, una watu wanaokupenda. Kule una mjomba na ngazi za kuzomewa. Utabaki au utarudi?"

Akatoa karatasi ya mtihani kwenye mkoba. Ameibeba njia yote hiyo. Akaitandaza juu ya boneti ya greda iliyokuwa bado ya moto, akanionyesha mahali.

"Mama, hili swali la nane nimelikosa na bado sijui kwa nini. Mwalimu alisema tulianze nalo shule ikifunguliwa. Nikibaki, nani ataniambia?"

Mpishi alikuwa amesimama nyuma yangu na aproni yake. Akaikunja.

Nikamwambia nitaomba likizo nije kwenye kikao cha mwaka ujao. Akasema niandike tarehe kwanza. Nimeandika.

Atapanda lori Jumanne baada ya sikukuu. Mpokee, mlishe, kaa mbali na meza. Na kalamu yangu inakuomba jambo moja, karani wangu, kwa kuwa najua karatasi ile utaiona tu: swali la nane usiliguse.

Dada yako.